Kinywa Kimoja na Vinywa Elfu: Habari za Televisheni na Intaneti katika Nchi Yetu

Mtu akipita jioni katika mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, ataona juu ya mapaa sahani za chuma zilizoelekezwa mbinguni. Ndani ya nyumba televisheni inawaka, na watu wa nyumbani wameketi wakitazama habari za dunia. Langoni ameketi zamu, yule mlinzi wa usiku. Yeye hana sahani juu ya paa, bali ana telefoni ndogo mkononi. Mara nyingi habari inayosomwa na mtangazaji usiku, zamu ameipata tangu mchana, tena amekwisha kuwaonyesha wenzake wa malango ya jirani. Lakini mara nyingine habari aliyoipata zamu mchana haisomwi na mtangazaji yeyote usiku, kwa sababu haikuwa kweli.

Watu wengi husema: “Intaneti ni televisheni ya siku hizi.” Maneno hayo yana ukweli kidogo, maana picha zilizokuwa katika sanduku la sebuleni sasa zimo mfukoni. Lakini tukiangalia historia ya nchi yetu, twaona ya kuwa intaneti si mtoto wa televisheni. Baba yake ni mwingine, naye twamjua sote. Tutamtaja mahali pake. Kwanza tutazame jinsi vyombo hivyo viwili vilivyoanza na jinsi vinavyofanya kazi.

KENGELE NA BARUA

Tarehe 26 Januari 1926, Mskoti mmoja, John Logie Baird, aliwaonyesha wataalamu mjini London picha zinazokwenda, zilizopelekwa kwa mashine kutoka chumba kimoja mpaka kingine. Miaka kumi baadaye, tarehe 2 Novemba 1936, BBC ya Uingereza ilianza kuwaonyesha watu wote picha za namna hiyo kila siku.

Kazi ya televisheni ni hii: kamera hukata picha kuwa mistari myembamba, na katika utaratibu wa Ulaya hupeleka picha 25 kila sekunde. Mnara huzitawanya hewani, na kila sanduku lililo karibu huzikusanya. Watazamaji wakiwa 100 au 1,000,000, mnara hauchoki, wala gharama yake haiongezeki. Lakini sanduku haliwezi kujibu. Televisheni ni kama kengele ya kanisa: wote waisikia kwa wakati mmoja, wala hakuna awezaye kuijibu kwa kengele yake.

Katika mwaka 1969 twaviona vyombo vyote viwili, kimoja katika nguvu zake, kingine katika utoto wake. Mwezi wa Julai mamia ya milioni ya watu walitazama kwa televisheni Neil Armstrong akikanyaga mwezi. Miezi mitatu baadaye, tarehe 29 Oktoba, wataalamu wa California waliunganisha kompyuta mbili, moja Los Angeles na moja Stanford. Walitaka kupeleka neno moja la herufi tano. Zikafika herufi mbili tu, L na O, kisha mashine ikakwama. Huo ndio mwanzo mdogo wa intaneti. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, karibu na Geneva, alibuni njia ya kuunganisha kurasa za kompyuta zote za dunia, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliwaachia watu wote njia hiyo bila malipo.

Intaneti haifanyi kazi kama kengele, bali kama barua. Habari hukatwa vipande vidogo, kila kipande na anwani yake, kila kimoja chaweza kupita njia yake, na vyote hukutana tena mwisho wa safari. Tena kila aliye katika wavu huo aweza kupokea na kupeleka. Lakini kila barua yataka stempu yake. Katika nyumba ya Katuba yenye televisheni moja, watoto wa ua mzima huweza kutazama mchezo wa mpira, na macho 30 hayana gharama kuliko macho mawili. Lakini katika intaneti kila mwenye telefoni hununua mega zake mwenyewe, na zikiisha, picha husimama. Basi, chombo kinachowapa wote kusema, hakiwapi wote kwa kipimo kimoja. Mwenye nyumba wa Golf hutazama bila kuhesabu. Zamu wake huhesabu kila dakika.

KINYWA KIMOJA

Jirani zetu wa Kitwe, katika Rhodesia ya Kaskazini, waliona televisheni mwaka 1961. Kenya iliipata mwaka 1962, Uganda mwaka 1963. Tanzania bara ilikaa bila televisheni mpaka mwaka 1994, kwa maana serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa anasa ya wachache. Sisi Wakongo tuliipata Kinshasa mwezi wa Novemba 1966, mwaka mmoja baada ya Mobutu kushika utawala.

Wakuu wa nchi yetu walikuwa wamekwisha kujifunza maana ya mnara. Tarehe 5 Septemba 1960 Rais Kasavubu alitangaza kwa redio ya kuwa amemwondoa Lumumba katika kazi ya waziri mkuu, na jioni ile ile Lumumba alijibu kwa redio hiyo hiyo. Kesho yake watu wa Umoja wa Mataifa waliifunga redio. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Septemba 1961, askari wa Umoja wa Mataifa walipotaka kuvunja utawala wa Tshombe hapa Elisabethville, hawakuanza na migodi, ijapokuwa shaba ndiyo mali ya Katanga. Waliiendea posta na nyumba ya redio, na damu ilimwagika mahali hapo. Mwenye mnara ndiye aliyekuwa na neno.

Basi televisheni ilipokuja, Mobutu hakumwachia mtu mwingine. Walio watu wazima leo wakumbuka jinsi habari za jioni zilivyoanza: mawingu yalionekana, na kutoka mawinguni uso wa Rais ulishuka kama wa mtu atokaye mbinguni. Kisha zilifuata nyimbo na ngoma za chama. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa, na mwaka 1973 magazeti mengi ya dini yalipigwa marufuku. Kinywa kimoja ndicho kilichosema, na mtazamaji alikuwa na uwezo mmoja tu, ndio kulizima sanduku.

Lakini tusiseme ya kuwa televisheni ilikuwa mbaya tu. Hapa Lubumbashi kundi la Mufwankolo, lililokuwa limejulikana katika redio, lilicheza michezo yake katika televisheni ya jimbo, tena kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Walicheza mambo ya nyumbani na ya mjini: ndoa, fedha, ulevi, majivuno ya wakubwa. Mwaka 1986 mtaalamu Johannes Fabian alikaa nao walipokuwa wakitengeneza mchezo juu ya utawala, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1990. Faida moja ya televisheni ya wakati ule ni hii: mtu wa Kenya na mtu wa Kamalondo, wakikutana asubuhi, walikuwa wamecheka jambo moja usiku uliopita. Mji mzima ulikuwa na sebule moja.

BABA YA INTANETI

Sasa tumtaje yule baba. Wakati mnara ulipokuwa na kinywa kimoja, watu wetu walijitengenezea redio nyingine isiyokuwa na mnara wala mashine. Waliiita redio-trotwari, yaani redio ya kando ya njia. Habari ilitoka sokoni, ikapanda basi, ikaingia kiwandani, ikafika nyumbani jioni pamoja na unga. Hakuna askari aliyeweza kuikamata, kwa maana haikuwa na nyumba. Ilisema yale ambayo televisheni iliyaficha. Lakini ilisema pia yale ambayo hayakuwapo, na hakuna aliyeweza kuiuliza: “Nani alikuambia?”

Mwaka 1990 ulituonyesha nguvu na udhaifu wa vinywa vyote viwili. Tarehe 24 Aprili, huko N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Nchi nzima ilimwona katika televisheni akitokwa na machozi. Yule aliyekuwa akishuka kutoka mawinguni alionekana kuwa mtu kama sisi, na tangu siku ile watu hawakumwogopa tena kwa namna ile ile. Televisheni yake mwenyewe ilimvua utukufu wake kwa saa moja.

Siku chache baadaye, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa katika nyumba zao za kulala. Serikali ilikana, kisha ikakubali kifo cha mtu mmoja tu. Redio-trotwari ilitaja makumi, wengine mamia. Hata leo idadi yabishaniwa. Wazazi waliokuwa na watoto chuoni hawakuwa na picha hata moja, wala sauti ya kuamini. Kinywa kimoja kilikana, vinywa elfu vilizidi kubishana, na ukweli ulikaa katikati bila shahidi. Twaomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana ndilo kipimo cha yote tutakayosema juu ya intaneti.

Tena tulijifunza jambo jema. Mkutano Mkuu wa Taifa ulifunguliwa tarehe 7 Agosti 1991, na baadaye ukaongozwa na Askofu Mkuu Laurent Monsengwo. Maneno ya wajumbe yalipelekwa kwa redio na televisheni, na watu walikaa mbele ya sanduku saa nyingi wakisikia mambo ya utawala yakitajwa wazi. Mwezi wa Januari 1992 waziri mkuu Nguz Karl-i-Bond aliufunga mkutano huo. Tarehe 16 Februari Wakristo wa Kinshasa waliandamana kwa amani kuomba ufunguliwe, na wengi walipigwa risasi. Mwezi wa Aprili ulifunguliwa tena. Hapo twaona ya kuwa televisheni, ikiachwa iseme kweli, yaweza kulifundisha taifa lote kwa pamoja.

Baadaye ziliongezeka televisheni za watu binafsi, hata hapa kwetu. Lakini mnara ni mnara: una mahali, una mlango, na mlango hufungwa. Nyota, televisheni ya Moïse Katumbi, ilifungwa mwanzoni mwa 2016, nayo haikurudi hewani mpaka mwaka 2019.

VINYWA ELFU

Ndipo intaneti ilipokuja mikononi mwa watu. Kwanza ilikuwa ya wachache, kwa njia ya satelaiti na kwa bei kubwa. Mwaka 2013 waya mkubwa wa baharini uitwao WACS ulianza kazi Muanda, na huku kwetu nyuzi nyingine ziliingia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Kisha telefoni zenye kamera zilienea. Hapo redio-trotwari ilipata kitu ambacho haikuwa nacho tangu kuzaliwa: ilipata mnara, tena ilipata macho. Ndiyo maana twasema ya kuwa intaneti ni mtoto wa redio-trotwari. Amerithi mavazi ya televisheni, lakini damu yake ni ya kando ya njia. Ana uhuru wa baba yake, na ana kasoro za baba yake.

Uhuru wake tuliuona tarehe 31 Desemba 2017. Kamati ya Walei iliwaita Wakristo waandamane baada ya misa, wakidai mapatano yaliyofanywa mwaka mmoja kabla kwa msaada wa Maaskofu yatimizwe. Serikali iliamuru intaneti na ujumbe mfupi wa telefoni vikatwe. Watu waliuawa, na moshi wa machozi ulirushwa hata ndani ya viwanja vya makanisa. Lakini telefoni zilikuwa zimeshika picha, na wavu uliporudi, picha hizo zilikwenda duniani kote. Linganisha na Mei 1990. Safari hii mashahidi walikuwa na kitu mkononi.

Basi, je, vinywa elfu haviwezi kufungwa? Vyaweza. Uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 ulipokwisha, kesho yake intaneti ilikatwa katika nchi nzima, na sauti ya RFI ilizimwa pia. Serikali ilisema ya kuwa yataka kuzuia matokeo ya uwongo yasitangazwe. Maaskofu walikuwa na watazamaji wapatao 40,000 katika vituo vya kura, nao tarehe 3 Januari 2019 walisema ya kuwa matokeo waliyoyakusanya yanaonyesha mshindi mmoja wazi. Siku kama 20 watu walikaa gizani. Mfanyabiashara hakupata habari za mizigo yake, mzazi hakumwona mtoto wake aliye Ulaya. Intaneti ilirudi karibu na tarehe 20 Januari, wakati Mahakama ya Katiba ilipokwisha kuhukumu.

Jambo hili latufundisha kitu ambacho wengi hawakukijua. Twadhani intaneti haina mlango kwa sababu ina njia nyingi. Lakini njia zote za telefoni zetu hupita kwa makampuni machache: Vodacom, Airtel, Orange, Africell. Barua moja ya waziri yatosha. Mwaka 1961 ilihitajika jeshi lenye bunduki ili kuishika nyumba ya redio ya Elisabethville. Mwaka 2018 haikuhitajika risasi hata moja kunyamazisha telefoni zote za Kongo. Kwa upande huu, vinywa elfu vilifungwa kwa urahisi kuliko kinywa kimoja.

Na kasoro za baba? Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, ukaendelea mpaka Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200. Chanjo ilikuwapo. Lakini katika telefoni zilipita habari za kuwa ugonjwa huo ni uwongo, ni biashara, ni hila ya wakubwa. Vituo vya wagonjwa vilishambuliwa, na waganga wengine waliuawa. Tusiwalaumu tu watu wa Beni na Butembo. Watu walioona vita miaka mingi, na walioambiwa uwongo na kinywa kimoja tangu utoto, wana sababu ya kutoamini. Lakini mtu aliyepeleka maneno yale kwa kidole kimoja hakumwona mama aliyemficha mtoto wake mgonjwa kwa sababu ya maneno hayo.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa ya vyombo hivi viwili. Televisheni ilipodanganya, mwongo alijulikana: ni yule wa Kinshasa mwenye mnara. Mtazamaji alikuwa msikilizaji tu, wala hakuwa na hatia. Katika intaneti, kila mwenye telefoni ni mtangazaji. Mwezi wa Januari 2019 kampuni ya WhatsApp ilipunguza idadi ya watu ambao mtu aweza kuwapelekea habari moja kwa mara moja, ikawa makundi 5 tu. Lakini kampuni haiwezi kuweka dhamiri ndani ya kidole. Watano wakipeleka kwa watano, na hao kwa watano tena, habari imefika 125 kabla ya chai kupoa.

TUFANYE NINI?

Hati ya Mtaguso juu ya vyombo vya habari, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ilisema ya kuwa watu wana haki ya kupata habari, na ya kuwa habari hiyo yapasa kuwa ya kweli na kutolewa kwa njia ya haki. Wakati ule maneno hayo yaliwahusu wenye minara. Leo yamhusu kila mmoja wetu.

Sisi hatusemi turudie kinywa kimoja. Waliouona uso ule ukishuka kutoka mawinguni hawawezi kuutamani tena. Wala hatusemi ya kuwa vinywa elfu ni ukweli kwa sababu ni vingi. Wazazi wa wanafunzi wa mwaka 1990 hawakukosa uvumi. Walikosa shahidi. Basi mwenye telefoni na awe shahidi, asiwe mvumi. Kabla ya kuipeleka habari mbele, ajiulize kama shahidi aulizwavyo barazani: Nani aliona? Wapi? Siku gani? Picha hii ni ya mwaka huu, ni ya nchi hii? Asipopata jibu, anyamaze. Kunyamaza hakuhitaji mega.

Tena twawaomba wazazi jambo moja. Televisheni, pamoja na makosa yake yote, ilituketisha pamoja, na baba aliweza kusema mbele ya watoto: “Hapo amedanganya.” Leo kila mtoto ameinama juu ya kioo chake, naye hudanganywa peke yake. Mara moja kwa siku vioo viwekwe chini, na kila mmoja aseme alichokiona. Ndipo uwongo mwingi utakapokufa mezani.

Kobalti ya Kolwezi na Likasi imo ndani ya betri za telefoni za dunia nzima. Nchi yetu yatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya ulimwengu, na shaba yetu imo katika nyaya. Itakuwa aibu kama mikono iliyochimba vitu hivyo itabaki kupeleka uwongo wa wengine. Basi, jioni ya leo, mwenye nyumba wa Golf akitoka langoni, na amwulize zamu wake amesikia nini, naye amwambie aliyoyaona katika televisheni. Wakilinganisha habari zao bila dharau, huenda wote wawili wakalala wakijua kweli zaidi kuliko walivyoamka.